Hodi Katika Kila Mlango

Mwanadamu ana desturi ya zamani ya kuugawa ulimwengu mafungu mawili: ndani na nje. Nje kuna giza, wanyama wakali na watu wasiojulikana. Ndani kuna moto, chakula na jamaa. Ndiyo maana miji mingi ya kale ilijengewa kuta, kuta zikatiwa malango, na malangoni wakawekwa walinzi. Mlinzi alimhoji mgeni mara moja. Akishapita, mgeni yule alitembea mjini kama wenyeji, na hakuna aliyemwuliza tena ametoka wapi wala anakwenda kwa nani.

Katika insha hii nataka kueleza jinsi wazo hilo la lango moja lilivyoingia katika kompyuta, lilivyotawala huko kwa miaka mingi, na lilivyoanza kuachwa. Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya mafundi. La, si ya mafundi peke yao. Leo hii mishahara yetu, vyeti vyetu vya kuzaliwa, habari za maradhi yetu na akiba zetu za uzeeni vimo ndani ya mashine hizo. Swali la nani aruhusiwe kufungua faili gani limekuwa swali la nani ana mamlaka juu ya maisha yetu. Na ndani ya swali hilo limejificha jingine, la zamani kuliko kompyuta zote: kumwamini mtu maana yake ni nini?

Tuanze mwanzo. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo kila mtu alipeleka kazi yake na kungoja zamu. Sasa, kwa kuwa wengi waliweka mafaili yao ndani ya mashine moja, ilibidi kila mmoja awe na chumba chake, na kila chumba kikawekewa neno la siri. Hiyo ni miongoni mwa mifano ya kwanza kabisa ya matumizi ya neno la siri katika kompyuta.

Ufunguo ulipotengenezwa, haukupita muda mrefu kabla hajatokea wa kuuchukua. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa shahada ya udaktari, Allan Scherr, aliona kwamba saa alizogawiwa hazimtoshi kwa utafiti wake. Akagundua kwamba mfumo ulikubali kuchapa faili lolote ukiombwa kwa kadi iliyotobolewa. Basi akaomba faili lenye maneno ya siri ya watu wote, na mashine, kwa utiifu wake, ikamchapia. Mwaka 1966 ikatokea nyingine katika mfumo huo huo: hitilafu ya programu ilibadilishana mafaili mawili, na kila aliyeingia akasomewa orodha ya maneno ya siri ya wenzake badala ya tangazo la siku.

Visa hivi huchekesha, lakini vina fundisho. Scherr hakuvunja mlango wala hakuwa adui aliyetoka mbali. Alikuwa mtu wa nyumbani, mwenye haki ya kuwemo. Kosa la mfumo lilikuwa kudhani kwamba aliye na haki ya kuwemo ana haki ya kuomba lolote. Wahenga walikwisha kulisema hili kwa ufupi: kikulacho ki nguoni mwako.

Wataalamu hawakuwa vipofu. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa MIT walitoa makala juu ya ulinzi wa habari katika kompyuta, na humo wakaorodhesha kanuni ambazo mpaka leo hazijachakaa. Walisema kila ombi lichunguzwe kila linapoletwa, si mara ya kwanza tu. Walisema kila mtu na kila programu apewe uwezo mdogo kabisa unaomtosha kufanya kazi yake. Walisema pia kwamba jibu la kawaida la mfumo liwe kukataa, na ruhusa iwe ndiyo inayohitaji sababu. Ukiyasoma hayo leo utadhani yameandikwa jana.

Kwa nini basi hayakufuatwa? Sababu ya kwanza ni gharama: mashine za wakati ule zilikuwa za taratibu, na kila uchunguzi ulikula muda. Sababu ya pili ni ya kibinadamu zaidi. Mtandao wa ARPANET, uliokuja kuzaa intaneti, ulianza mwaka 1969 ukiwa na vituo vinne tu. Watu wake walikuwa watafiti waliojuana kwa majina. Katika kijiji cha namna hiyo nani anafunga mlango? Tatizo ni kwamba kijiji kilikua kikawa jiji, na desturi za kijiji zikabaki vilevile.

Mwaka 1986 Clifford Stoll, mtaalamu wa nyota aliyekuwa akitunza kompyuta katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, alipewa kazi ya kutafuta upungufu wa senti 75 katika hesabu za matumizi ya mashine. Wengine wangezilipa kutoka mfukoni wakaendelea na shughuli zao. Yeye alizifuata kwa miezi mingi, mpaka zikamfikisha kwa kijana aliyekuwa Hannover, Ujerumani Magharibi, aliyekuwa akiingia katika kompyuta za jeshi la Marekani na kuiuzia habari KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti. Stoll alihesabu kwamba mdukuzi huyo alijaribu kompyuta 450 hivi, na zaidi ya 30 zilimfungukia. Njia yake haikuwa ya miujiza. Mara nyingi alikisia maneno ya siri ambayo hakuna aliyejali kuyabadilisha, kisha akatoka mashine moja kwenda nyingine kama mtu anayepita vyumba vya nyumba isiyo na milango ya ndani.

Miaka miwili baadaye, jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa chuo cha Cornell, aliachia programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Watu waliiita mnyoo. Inakadiriwa kwamba iliambukiza mashine 6,000 hivi kati ya 60,000 zilizokuwa katika intaneti ya wakati huo. Programu ile ilikuwa na mbinu kadhaa, na mojawapo yahusu sana mada yetu. Kompyuta nyingi zilikuwa na orodha ya "majirani wanaoaminika". Ombi likitoka kwa jirani aliye katika orodha, lilipokelewa bila kuulizwa neno la siri. Mnyoo ulizisoma orodha hizo na kuzitumia kama ramani. Udugu wa mashine ukawa barabara ya maradhi.

Baada ya mshtuko huo walimwengu walijenga. Lakini walijenga nini? Ukuta. Miaka ya tisini ilikuwa enzi ya ukuta wa kinga, yaani kifaa kilichosimama kati ya mtandao wa ofisi na intaneti, kikichunguza kinachoingia na kinachotoka. Mjuzi mmoja wa ujenzi huo, Bill Cheswick wa maabara za Bell, alitahadharisha mapema, mwaka 1990, kwamba mtandao wa namna hii unafanana na peremende: ganda gumu nje, utamu laini ndani. Ole wako ganda likipasuka. Hata hivyo kuta ziliuzwa na kununuliwa kwa wingi, na mwenye ukuta alilala usingizi.

Niruhusu, ndugu msomaji, nitie hapa jambo nililoliona kwa macho yangu. Katika miaka hiyo nilikuwa karani katika ofisi moja ya hesabu ambayo sitaitaja. Tulikuwa makarani tisa na kompyuta tatu. Sote tulitumia jina moja la kuingilia na neno moja la siri, kwa amri ya wakubwa, ili kazi isikwame mtu anapougua. Mlango wa nje ulikuwa na kufuli mbili na askari. Siku moja ikaonekana kwamba malipo yamepelekwa kwa mtu asiyekuwapo. Mashine ilipoulizwa ni nani aliyeyaandika, ilijibu kwa jina lile moja la sote. Hapakuwa na namna ya kumpata mwenye hatia, na vilevile hapakuwa na namna ya kumwondolea shaka asiye na hatia. Wakubwa walimwachisha kazi mzee mmoja aliyekuwa na desturi ya kuchelewa kutoka jioni. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Aliondoka na mwavuli wake na bahasha ya barua, na sisi tuliobaki tukaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Ofisi ile ilijisifu kwamba inawaamini watumishi wake. Kwa hakika haikuwaamini; iliwaacha. Kuaminiwa kusikopambanua kati ya mtu na mtu hakumlindi mwema. Siku ya msiba humfanya mshukiwa sawa na mwizi.

Nirudi katika historia. Kuta hazikuanguka kwa kishindo, zilivuja polepole. Wafanyakazi walianza kubeba kompyuta ndogo na kufanya kazi safarini. Washirika wa biashara walipewa njia zao za kuingilia. Kazi zikahamia kwenye mashine za kukodi zilizo mbali na ofisi. Ilifika mahali hakuna aliyeweza kuonyesha kwa kidole ndani iko wapi. Mwaka 2004 wakuu wa usalama wa makampuni makubwa, wengi wao wa Uingereza, waliunda jumuiya waliyoiita Jericho Forum, kwa kukumbuka mji ule wa Maandiko ambao kuta zake zilianguka. Ujumbe wao ulikuwa kwamba mpaka umekwisha kutoboka, na heri kulinda habari yenyewe popote ilipo. Mwaka 2013 jumuiya hiyo ilijivunja, ikisema kazi yake imekamilika.

Jina lililokuja kushika lilienezwa mwaka 2010 na John Kindervag, mchambuzi wa kampuni ya Forrester huko Marekani. Alikuwa amewahi kufunga vifaa vya ukuta wa kinga vya aina ya PIX, vilivyouzwa na Cisco. Vifaa hivyo vilimtaka fundi atoe alama ya kuaminika kwa kila upande: upande wa ndani ulipewa 100, upande wa nje ukapewa sifuri, na kilichotoka penye alama kubwa kwenda penye alama ndogo kilipita bila kuhitaji kanuni. Kindervag aliuliza: kwa nini ndani ipewe mia? Ndani imefanya nini cha kustahili? Akapendekeza kila upande upewe sifuri. Ndipo likapatikana jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita imani sifuri.

Wakati huohuo tukio jingine lilikuwa likiwasukuma watu upande huo. Mwezi Januari 2010 kampuni ya Google ilitangaza kwamba wadukuzi, ambao ilisema walitokea China, walikuwa wameingia katika mifumo yake na kuiba mali yake ya kiakili. Badala ya kuongeza urefu wa ukuta, kampuni hiyo ilianza kuondoa upendeleo wa kuwa ndani. Mwaka 2014 ilianza kuchapisha makala juu ya mpango wake, ulioitwa BeyondCorp. Kwa mpango huo, mfanyakazi aliyekaa ofisini na aliyekaa mkahawani huchunguzwa sawasawa: wewe ni nani, kompyuta uliyoshika ni ipi, ina afya gani, na faili unaloliomba lahitaji ruhusa ya namna gani.

Waliochelewa kujifunza walilipa. Mwishoni mwa 2013 maduka ya Target ya Marekani yaliibiwa namba za kadi za malipo zipatazo milioni 40, pamoja na habari za watu milioni 70. Wezi walianza kwa kuiba ruhusa ya mkandarasi wa majokofu. Fundi wa baridi alikuwa na sababu njema ya kuwa na mlango wake. Lakini kutoka mlango huo iliwezekana kufika mpaka kwenye mashine za kulipia. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Colonial, yenye bomba la mafuta litokalo Texas hadi New Jersey, ilifunga bomba lake kwa siku kadhaa baada ya kuvamiwa. Wavamizi walipitia ruhusa ya kuingia kutoka mbali ambayo haikuwa ikitumika tena, lakini haikufutwa, na ilihitaji neno la siri peke yake. Kampuni ililipa kikombozi cha dola milioni 4.4 hivi. Tarehe 12 Mei, siku ambayo bomba lilianza kufunguliwa tena, Rais Joe Biden alitia sahihi amri iliyozitaka idara za serikali ya Marekani zipange kuhamia katika utaratibu wa imani sifuri.

Utaratibu wenyewe ulikuwa umekwisha kuandikwa. Agosti 2020 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa waraka ulioeleza viungo vyake. Kwa lugha nyepesi ni kama hivi: kuna mwamuzi, kuna mtekelezaji, na kuna mlango. Ombi likifika mlangoni, mlango haujiamulii. Mwamuzi hutazama ni nani anayeomba, kwa kifaa gani, saa ngapi, kutoka wapi, na anaomba nini. Halafu hutoa ruhusa ya ombi hilo, kwa muda huo tu. Hali ikibadilika, ruhusa huweza kukatwa katikati. Kuwa ndani ya jengo hakukuongezei alama yoyote.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawapaswi kuona ajabu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, watu walizoea upesi. Simu ni yako, laini ni yako, umeishika mkononi. Hata hivyo kila unapotuma fedha unadaiwa namba ya siri upya. Hakuna anayesema ametukanwa. Twajua kwamba swali lile humzuia pia yule aliyeiokota simu yetu kituo cha basi.

Lakini sitaki kusifu bila kupima. Kuna mambo matatu yanayonitia wasiwasi.

La kwanza, binadamu huchoka kujibu. Septemba 2022 mdukuzi aliyekwisha kupata neno la siri la mkandarasi mmoja wa kampuni ya Uber alimtumia maombi ya kuthibitisha, moja baada ya jingine, hadi yule mtu akabonyeza kukubali. Hodi ikipigwa usiku kucha, mwenye nyumba hufungua ili apate kulala. Basi wingi wa maswali si ulinzi, na mfumo mwema huuliza vizuri kuliko unavyouliza mara nyingi.

La pili, imani haimaliziki, huhama. Anayekataa kuwaamini watumishi wake humwamini mwamuzi wake, na wale waliomtengenezea programu. Desemba 2020 ilijulikana kwamba programu ya kampuni ya SolarWinds ilikuwa imetiwa sumu kiwandani, na wateja wapatao 18,000 walikuwa wamepokea toleo hilo kwa mikono miwili, kwa kuwa lilikuja na sahihi halali. Sifuri kamili haipo. Kilichopo ni kujua umeweka imani yako wapi, na kiasi gani.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Daftari linaloandika kila hodi laweza kugeuzwa kuwa kiboko. Mwajiri anayejua umefungua faili gani, saa ngapi na ukiwa wapi, aweza kuyatumia hayo kukulinda au kukuandama. Daftari la namna hiyo lingemwokoa yule mzee wa ofisi yetu. Hilohilo, likiwa mikononi mwa bosi mwenye kinyongo, lingeweza kumfukuzisha mwingine kwa kukawia msalani. Kwa hiyo anayeshika daftari naye achunguzwe. Kanuni ya Saltzer na Schroeder haikuwasamehe wakubwa.

Nafikiri sehemu ya ugumu imo katika jina. Imani sifuri yasikika kama tangazo la kuwachukia watu. Kiswahili, kwa bahati njema, kina neno linalofaa zaidi, nalo limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa amini, imani na uaminifu. Neno hilo ni amana. Ukiniwekea amana ya kitabu, umeniamini. Lakini hujanipa kabati, wala nyumba, wala mwaka mzima. Umenipa kitu kinachojulikana, mpaka siku inayojulikana, na sote wawili twajua nitakirudisha. Amana haipungui heshima kwa kuwa na mpaka. Huo mpaka ndio unaoiwezesha kuitwa amana.

Kosa la kompyuta tangu ile ya MIT halikuwa kuamini watu. Kosa lilikuwa kuamini mahali: kudhani kwamba ukuta, jengo au ujirani waweza kusimama badala ya kumjua mtu na haja yake. Kuulizwa jina langu kila ninapofungua faili la mwingine hakunivunjii heshima. Faili lile ni maisha ya mtu, naye hayupo hapo kusema karibu au kusema hapana. Swali linaulizwa kwa niaba yake. Nami nikilijibu kwa jina langu mwenyewe, siku fedha zitakapopotea tena sitahitaji kuwatazama wenzangu kwa jicho la pembeni, wala wao hawatahitaji kunitazama mimi.